Ujiji kwa mgebuka, ila chumvi taratibu!

Mshikaji, kama hujapanda treni ya Kigoma, bado hujasafiri. Unakaa weee mpaka mgongo unalia, halafu karibu na mwisho wa reli mnapita Uvinza, kwenye chumvi. Siyo ya baharini hii. Ni maji ya chemchemi, watu wameyachemsha tangu enzi za mababu, na zama za misafara chumvi yake ilivushwa ziwa hadi Kongo. Nikajua tu, huku chakula hakitapooza.

Kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji ni kilomita kama 8 za daladala. Wageni hukimbilia kwenye miembe, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mimi nilikimbilia kwa shangazi.

Jioni likaja sinia: ugali wa muhogo, mgebuka, mchuzi wa mawese unang'aa. Bomba! Shangazi hata hajaonja, mkono uko kwenye kopo la chumvi. Binti yake akalivuta. "Mama, nesi alisemaje?" Kasheshe!

Kumbe shangazi ana presha. Alimeza vidonge wiki kadhaa, kipimo kikashuka, akavifungia kabatini. "Nimepona baba, dawa za nini tena?" Kichwa hakimuumi, kizunguzungu hana. Hapo ndipo presha inapowamaliza watu, maana haipigi hodi. Kipimo kilishushwa na vidonge. Ukiviacha inapanda kimyakimya. Moyo unasukuma kwa nguvu kuliko kawaida miaka nenda rudi mpaka unachoka, figo nazo zinaumia, au siku moja mtu anaamka upande mmoja umepooza.

Kesho yake nikamsindikiza zahanati. Nesi alimkalisha kwanza dakika 5, miguu chini, hakuna stori, ndipo akamfunga mkanda mkononi. 168 kwa 102. Hakumgombeza (wauguzi wa mjini mpo?). Akamwonyesha kijiko cha chai.

"Mama, chumvi yako ya siku nzima isizidi hiki, pamoja na ile iliyomo kwenye mboga."

"Na samaki wa chumvi?"

"Mloweke, maji umwage. Na mawese yawe kidogo, samaki asiogelee mara ya pili."

Shangazi akacheka mwenyewe. Wakakubaliana vidonge ameze kila siku baada ya swala ya alfajiri, na vikimsumbua arudi abadilishiwe, asiache kivyake.

Nesi akanigeukia: "Na wewe kijana, leta mkono." 138 kwa 88. Akaniambia 140 kwa 90 ndipo wanapoanza kuita presha, nami nimesimama mlangoni. Umri wangu hata 30 bado, jamani!

Tulipotoka tukaenda Kibirizi, dagaa wameanikwa ufukweni wanameta kama bati jipya. Muuzaji anataja bei, shangazi hamsikilizi.

"Hawa mmewatia chumvi?"

"Jua tu, mama."

"Haya, nipimie kisado. Na huyu baba yangu umpimie chake."