Jani Chungu la Nyanda za Juu Kigoma

Atokaye Kigoma mjini, ambako Ziwa Tanganyika liko kiasi cha meta 770 juu ya usawa wa bahari, huanza kupanda mapema, na afikapo Kasulu amekwisha kuvuka meta 1,200. Hapo ndipo Uha yenyewe: vilima vya kijani, udongo mwekundu, migomba, maharage, na ubaridi wa asubuhi unaomlazimisha mtu wa pwani kutafuta sweta. Sisi tulipita Makere, tukafika Mvugwe, tukavuka Mto Malagarasi, kisha tukashika njia ya Nduta hadi Kibondo.

Katika safari hiyo yote kuna mmea mmoja ambao haukututoka machoni. Ni kichaka kirefu chenye maua madogo meupe, kinachoota penye ua wa nyumba na kando ya mashamba. Wataalamu wa mimea huuita Vernonia amygdalina. Warundi, majirani wa Waha, huuita umubirizi. Watongwe wa kusini mwa mkoa huuita mjonso. Ukitafuna jani lake, uchungu hukaa ulimini muda mrefu. Wazee huchemsha majani hayo kwa ajili ya homa, minyoo na maumivu ya tumbo. Bibi mmoja wa Makere alitupa kijani kimoja, akatutazama tukikunja nyuso, akasema, "Wanangu, kingekuwa kitamu mbuzi wangekwisha kukimaliza."

Bibi yule alisema jambo la kielimu. Mmea haukimbii adui yake. Hujilinda kwa kutengeneza kemikali ndani ya majani na magome, na nyingi kati ya hizo ndizo ulimi wetu huzionja kuwa uchungu. Kinachomwua mdudu kwa kiasi fulani chaweza kumdhuru mdudu aliyemo tumboni mwa mtu, na kikizidi chaweza kumdhuru mtu mwenyewe.

Ushahidi mashuhuri wa jambo hili umo katika mkoa huu huu wa Kigoma, kusini, kwenye Milima ya Mahale. Mwezi Novemba mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman, pamoja na mganga wa Kitongwe aliyefanya kazi katika hifadhi, Mzee Mohamedi Seifu Kalunde, walimfuata sokwe jike aliyeitwa Chausiku. Alikuwa mgonjwa, mlegevu, asiye na hamu ya kula. Alikwenda kwenye kichaka cha mjonso, akavunja tawi changa, akatupa majani, akabandua gome, kisha akatafuna kiini na kufyonza maji yake machungu. Siku iliyofuata alikuwa amepata nafuu. Mzee Seifu ndiye aliyemweleza mgeni wake kwamba mmea ule ni dawa kwa Watongwe pia. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1989 kwa majina yao wawili, na hilo linafaa kukumbukwa, kwani mara ngapi elimu ya wazee wetu imechapishwa kwa jina la mgeni peke yake?

Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, waliupasua mmea ule kimaabara. Katika kiini walikuta vernoniosidi B1 na jamaa zake. Katika majani walikuta vernodalini kwa wingi, ambayo ni sumu. Sokwe, basi, alitupa majani kwa sababu. Kwa sokwe mwingine aliyetafuna kiini hicho, mayai ya minyoo katika kinyesi yalishuka kutoka 130 kwa gramu hadi 15 ndani ya saa 20.

Lakini sisi watu wa Uha, na Waswahili kwa jumla, twatumia majani. Huko Nigeria na Kamerun, ambako majani hayo ni mboga, akina mama huyasugua na kuyaosha kwa maji mara kadhaa kabla ya kupika, na uchungu mwingi huondoka pamoja na maji hayo. Anayechemsha majani mabichi na kunywa supu yake yote hana kipimo hicho. Tena jani la masika si sawa na la kiangazi, wala changa si sawa na lililokomaa. Kikombe cha leo chaweza kuwa na nguvu tofauti na cha jana.

Hapa ndipo wazazi wapaswa kusimama kidogo, maana Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi, na malaria kali yaweza kumwua mtoto mdogo ndani ya siku moja au mbili. Dawa mseto inayotolewa zahanati tangu mwaka 2006 nayo imetoka katika mmea: pakanga ya Uchina, ambayo mwanasayansi Tu Youyou alipata kwayo Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Yeye alisoma vitabu vya kale vya tiba, akagundua kwamba kuchemsha kulikuwa kukiharibu dawa, akatumia njia isiyo ya joto kali. Kisha kikapatikana kipimo: miligramu kadhaa, kwa uzito fulani, kwa siku tatu. Hicho ndicho kikombe cha majani kinachokosa. Mtoto mwenye homa apimwe damu siku hiyo hiyo. Kumsubirisha hadi kesho ili kuona kama majani yamefaa ni kucheza na uhai wake.

Na jambo la mwisho, kwa kuwa Kibondo ni nchi ya asali na wengi huichanganya na dawa chungu ili mtoto ainywe. Asali imetajwa katika Qur'ani kuwa na shifaa, nasi tulinunua chupa mbili sokoni kwa furaha. Lakini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe hata ncha ya kijiko, kwani asali yaweza kubeba mbegu za kijidudu ambacho utumbo wake mchanga hauwezi kukizuia, nacho hutoa sumu inayolegeza misuli hata ya kupumulia. Kaka zake wakubwa na waile. Chupa zetu hazikufika Kigoma zikiwa zimejaa.