Irabu Iliyobeba Mkazo



Ndugu wapendwa, juma hili tunawaalika kutafakari jambo dogo katika lugha ya Kifaransa, ambalo twaona lina fundisho kwa jumuiya zetu.

Mfaransa akitaja chumvi husema "sel", lakini kutia chumvi ni "saler". Bahari ni "mer", bali baharia ni "marin". Anakufa ni "meurt", tunakufa ni "mourons". Shina ni lile lile, irabu yabadilika. Maneno haya yalitoka katika Kilatini, ambamo chumvi ni "sal" na bahari ni "mare". Kwa karne nyingi, katika vinywa vya watu wa kawaida, silabi iliyobeba mkazo ilitamkwa kwa nguvu na kwa kuvutwa, hata irabu yake ikageuka. Irabu isiyobeba mkazo haikugeuka kwa namna ile.

Mwaka 813 maaskofu waliokutana Tours waliagiza homilia zitolewe katika lugha ya watu, ili wote waelewe. Agizo lile halikuwataka waamini warudi kwenye Kilatini. Liliwataka wachungaji wawaendee walipo.

Nasi tunao ndugu waliobeba mkazo. Mama aliyefiwa na mumewe haimbi tena kwayani. Kijana aliyepoteza kazi huketi benchi la mwisho na kuondoka kabla ya baraka. Upesi twanong'onezana: "Huyu si yule tuliyemfahamu." Twasahau kwamba sisi tumebaki na sauti ya zamani si kwa kuwa tu waaminifu zaidi, bali kwa kuwa uzito ule haukutuangukia. Shina lake, yaani ubatizo wake, ni lile lile.

Kitenzi cha kupenda kinatufundisha zaidi. Hapo kale Wafaransa walisema "aime" kwa mmoja anayependa, na "amons" kwa sisi tunaopenda, maana mkazo ulihama. Baadaye irabu ya yule aliyebeba mkazo ilichukuliwa na wote; leo "sisi tunapenda" ni "aimons". Wengi walijifunza kutamka kama yule mmoja.

Basi, juma hili kila jumuiya ndogo ndogo imwendee ndugu mmoja aliyenyamaza. Tusimdai sauti yake ya zamani. Tuketi naye, tumsikilize, hata nasi tujifunze kusema upendo kwa irabu yake.

Amani ya Bwana iwe nanyi daima.