Papo Hapo

Baada ya sala ya isha, katika baraza moja ya Mji Mkongwe wa Unguja, si mbali na ile iliyopewa jina la filamu ya papa ya mwaka 1975, huketi bwana mmoja asiyesoma gazeti kama wasomavyo wenziwe. Wengine huanza na siasa, wengine na mpira. Yeye huchomoa kalamu nyekundu mfukoni, akatafuta habari za ajali, akaanza kusahihisha. Kazi yake ni kuhudumia wagonjwa wa dharura ndani ya gari la hospitali, na ameikalia nafasi hiyo ya nyuma, penye kitanda na mtungi wa hewa, kwa zaidi ya miaka 15. Si daktari. Lakini mtaani kila avaaye glovu ni daktari, basi barazani wanamwita Dakta, naye amechoka kukanusha. Katika mfuko ule ule wa kalamu hukaa kifaa kidogo cha kufunika mdomo na pua, kilichokunjwa, cha kumpulizia pumzi mtu aliyezimia. Watu wa baraza wamezoea kukiona, kama walivyozoea kuona tasbihi mkononi mwa mwingine.

"Sikilizeni hii," husema. "Majeruhi alikimbizwa hospitali. Alikimbizwa na nani? Mimi nilikuwapo. Alipakiwa nyuma ya gari la shamba, baina ya mikungu miwili ya ndizi. Dereva akasimama kutia mafuta. Wakabishana nani alipe. Kisha akasimama tena kumshusha mwenye ndizi. Hapo nani kakimbia? Zilizowahi kufika ni ndizi!"

Baraza hucheka, na muuza kahawa hupata muda wa kujaza vikombe. Kisha Dakta huendelea na la pili. Hali ya mgonjwa inaendelea vizuri: ndiyo, husema, hali ndiyo inayoendelea vizuri, mwenyewe bado hajafumbua macho. Na la tatu, ambalo hulipigia mstari mara mbili hadi karatasi ikatoboka: alifariki papo hapo. Hilo halimchekeshi. Yeye anaijua papo hapo ya magazeti. Aghalabu ina dakika 40 ndani yake. Ina mtu anayeuliza saa ngapi, anayetaka simu ipigwe kwao, anayeomba maji. Mwandishi aliyefika jioni na daftari lake hakuyaona hayo, akayafuta yote kwa maneno mawili.

Aliyekuwa akimjibu kila mara ni Maalim, mwalimu mstaafu wa skuli na mtunzi wa mashairi, mzee aliyekuwa akikaa pembeni kabisa ya baraza, fimbo katikati ya magoti. "Usiwaonee, Dakta," alikuwa akisema. "Maneno hayo ni kama kamba ya ngazini. Haikuwekwa kwa urembo. Imewekwa ili mtu anayeshuka gizani apate pa kushika."

"Kamba iliyooza, Maalim."

"Hata iliyooza, yakhe, mkono hupata imani."

Filamu nazo zilikuwa na zamu yao. Kwa watu wa umri wa Dakta, waliolelewa na sinema za Kihindi, hakuna isiyokumbukwa kuliko Amar Akbar Anthony ya mwaka 1977. Vijana watatu wamelala vitandani, kila mmoja na mpira mkononi. Damu yao inapanda juu, inakutana katika chupa moja, kisha inashuka kwa mwanamke mmoja ambaye ni mama yao, nao hawajui. "Damu imepanda mlima bila ya pampu," Dakta husema, "wala hakuna aliyepimwa kundi! Hospitalini kwetu hiyo chupa ingekwenda kwanza maabara ikaulizwe ukimwi, ikaulizwe homa ya ini, ikaulizwe kaswende." Kisha, baada ya kicheko kutulia, huongeza kwa sauti ya chini kwamba kila aionapo filamu ile hulia. Kwa kuwa ameona ndugu wa nyumba tatu zisizosemezana wakija usiku mmoja kumtolea damu mama mmoja, wakakaa benchi moja, na hakuna aliyekumbuka ugomvi ulianza na nini.

Lakini dhambi kubwa ya filamu, kwa hukumu yake, ni ile mashine ya kushtua moyo. Katika mchezo wa televisheni mstari hunyooka, mashine hulia mlio mmoja mrefu, daktari huweka vibao kifuani, mwili huruka, na mgonjwa hufumbua macho akamuuliza mkewe habari za watoto. Dakta hueleza kwa subira kwamba umeme ule hauamshi moyo uliokwisha kunyamaza. Kazi yake ni kuutuliza moyo unaotetemeka ovyo, ili upate kuanza upya kwa mpango. "Wewe Maalim umesomesha," humwambia mzee. "Darasa likiwa na makelele, mwalimu hugonga meza, watoto wakanyamaza, somo likaendelea. Darasa likiwa tupu, agonge meza amwite nani?"

Mwaka 1996 madaktari wa Marekani walikaa wakahesabu vipindi vya televisheni vya nchi yao, wakakuta kwamba takriban robo tatu ya waliofanyiwa ufufuo kwenye skrini walirudi kuvuta pumzi. Nje ya skrini, katika nchi hiyo hiyo yenye magari na mashine, mtu ambaye moyo wake umesimama mbali na hospitali ana bahati ya takriban mmoja kati ya kumi kutoka hospitalini akiwa hai. Dakta hulitaja jambo hilo bila ya utani. Ndiyo maana jamaa humkasirikia, husema. Wameona kwa macho yao kwamba watu hufufuka. Iweje wa kwao asifufuke?

Mpira ndio uliompa wasikilizaji wengi zaidi. Barazani wapo waliokumbuka jioni ya Juni 26, 2003, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alipoanguka katikati ya uwanja wa Lyon bila ya kuguswa na mtu, akafa. Na wote walikuwa wamemwona Christian Eriksen wa Denmark akianguka Copenhagen Juni 12, 2021, wenzake wakimzunguka wakiwa wameupa mgongo mwili wake ili kamera zisimfikie. Eriksen alibonyezwa kifua pale pale nyasini, akashtuliwa, akaamka. Mwaka uliofuata alikuwa akicheza tena. Magazeti yaliandika muujiza. Dakta aliandika pembeni kwa wino mwekundu: mikono. Kila dakika inayopita bila ya mtu kubonyeza kifua, alieleza, humwondolea aliyeanguka karibu sehemu moja katika kumi ya tamaa ya kuishi. Usiku ule aliwashusha vijana wawili wa baraza chini, akaweka mto wa kochi sakafuni, akawafundisha.

Hapo ndipo ulipozuka mjadala wa nyimbo. Kifua hubonyezwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, na walimu wa kazi hiyo Ulaya na Marekani huwaambia wanafunzi wauimbe moyoni wimbo wa Bee Gees wa mwaka 1977, Stayin' Alive, kwa sababu mwendo wake unalingana na jina lake linafaa: kubaki hai. Upo na wimbo wa kundi la Queen wa mwaka 1980, Another One Bites the Dust, nao mwendo wake umo humo humo. Ila maana ya jina ni kwamba mwingine tena ameanguka mavumbini. "Na mwimbaji ni mtoto wetu," alisema Dakta, "Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Nimkute mtu kalala njiani, nimwimbie kwa sauti ya mzawa kwamba mwingine kaanguka? Jamaa zake watanipiga, na watakuwa na haki."

Maalim hakucheka. Alikuwa akihesabu kwa vidole. "Unabonyeza mara ngapi kabla ya kupuliza?"

"Thelathini. Kisha pumzi mbili."

"Thelathini na mbili," alisema Maalim. "Mishororo miwili ya mizani kumi na sita. Nyinyi mnatafuta kwa Wazungu kitu mlicholala nacho kitanda kimoja."

Juma zima Dakta alitunga ndani ya gari, baina ya mgonjwa na mgonjwa, na Ijumaa akaja na mishororo yake:

Moyo usiwe mvivu, rudi sote twakungoja,
Usilale kwa uchovu, pumzi mbili si moja.

Kila silabi ni bonyezo moja, alieleza, ila mbili za mwisho hazitamkwi. Hapo mdomo una kazi nyingine. Maalim alisikiliza fimbo ikiwa kidevuni. Alisema kwamba vina vya kati ni sawa, kwamba mtu aliyekufa haambiwi mvivu mbele ya watoto wake, na kwamba kosa kubwa ni hilo la mwisho: umemwahidi msikilizaji kina cha "ja", kisha humpi. Shairi ambalo kina chake cha mwisho hakisikiki halijatimia.

"Akiamka, Maalim, atakitia mwenyewe."

"Basi hilo," alisema mzee, "ndilo shairi."

Ilikuwa usiku wa kusi, miezi michache baadaye, Maalim alipouliza kikombe cha pili cha kahawa na hakukipokea. Fimbo ilianguka kwanza. Dakta alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Hakuwa na gari usiku ule, wala mashine. Alikuwa na mikono, kifaa cha mfukoni, na vijana wawili waliofundishwa juu ya mto wa kochi. Mmoja alipiga simu. Dakta alipiga magoti, akaweka viganja katikati ya kifua cha mwalimu wake wa mizani, akaanza kubonyeza kwa kina cha sentimita tano, kama inavyotakiwa, na akahisi chini ya mikono yake kile ambacho filamu hazikionyeshi, kwamba mbavu za mzee hukatika.

Alikuwa ameshafika mshororo wa pili alipotambua kwamba anausema kwa sauti. Vijana waliupokea. Walipobadilishana zamu hawakuhesabu tena kwa tarakimu. Waliimba chini kwa chini, mbavu na mizani, na kila walipofika "si" walinyamaza, na Dakta akapuliza mara mbili. Aliyepita njia usiku ule angedhani ni watu wanafanya mazoezi ya utenzi.

Gari lilipofika na mashine ikaunganishwa, kioo kilionyesha mstari ulionyooka. "Dakta, mpige umeme!" alipaza sauti mtu wa baraza, mmoja wa wale waliokuwa wakicheka kila usiku habari ya darasa tupu. Dakta hakumjibu. Aliendelea kubonyeza. Kwa hesabu ya saa yake zilipita dakika 22 tangu fimbo ilipoanguka hadi aliponyanyua mikono.

Binti wa Maalim alifika miguu mitupu, ushungi ukimning'inia begani. Alimwona baba yake amekwisha kufunikwa shuka. Hakulia kwanza. Alimtazama Dakta, ambaye shati lake lilikuwa limelowa jasho hadi kiunoni, akamuuliza jambo ambalo jamaa wote huuliza, wengine kwa maneno na wengine kwa macho.

"Kaka'angu, babangu aliteseka?"

Dakta alikuwa nazo dakika 22. Alikuwa nazo mbavu, povu la kahawa ndevuni, mshororo usiotimia. Alikuwa pia na elimu ya kazi yake, isemayo kwamba moyo ukisimama ghafla, fahamu huondoka ndani ya sekunde chache tu, na yote yanayofuata huwapata waliobaki. Mzee hakuzijua zile dakika 22. Zilikuwa za wengine.

"Hapana, dada," alisema. "Alikwenda papo hapo."

Binti alishusha pumzi. Alishika ukingo wa baraza kwa mkono mmoja, akakaa polepole mahali pale pale alipokuwa akikaa baba yake, ndipo machozi yakamjia.

Asubuhi jina la Maalim lilisomwa katika matangazo ya vifo redioni, pamoja na jina la mtaa na saa ya maziko, bila ya neno juu ya mashairi yake. Walimzika baada ya alasiri. Wale vijana wawili walikuwa miongoni mwa walioshuka kaburini.

Arubaini ilipopita, Dakta alirudi barazani na gazeti. Kulikuwa na habari ya ajali ya barabara ya shamba. Alipofika kwenye "alikimbizwa hospitali" alichomoa kalamu nyekundu na kuuliza, kama desturi, alikimbizwa na nani, na baraza likacheka, ingawa si kwa sauti ile ya zamani. Mistari mitatu chini yake mtu mwingine alikuwa amefariki papo hapo. Kijana aliyekaa karibu yake alimwona ameisimamisha kalamu juu ya maneno yale, akangoja aone karatasi ikitoboka. Dakta aliyasoma mara mbili, akaifunika kalamu, akageuza ukurasa wa michezo.