Meza ya shilingi elfu arobaini

Wale mlioniuliza maonyesho ya katuni yamekwendaje, jibu fupi ni hili: nimeingia hasara ya shilingi 36,000 na nitarudi tena. Jibu refu linafuata.

Wengi mnanifahamu kwa habari za mahakamani na vikao vya madiwani. Usiku nachora. Mwaka huu nikasema basi, kijitabu kitoke. Kinaitwa "Nusu Nauli", na kinamhusu binti wa sekondari anayegombania daladala Gongo la Mboto kila asubuhi, huku makonda wakimkwepa kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Nikasikia kuna maonyesho ya siku moja hapa hapa Dar, ya wachoraji wanaojichapishia wenyewe. Nikalipia meza.

Hesabu zenyewe hizi hapa, maana najua mtaziuliza. Kijitabu kidogo ni karatasi za A4 zilizokunjwa katikati, na kila karatasi inazaa kurasa nne. Kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Hadithi ikifika kurasa 17, ama uipunguze ama uirefushe. Yangu ina kurasa 16 jalada likiwemo: karatasi tatu za kawaida na moja ngumu. Steshenari wamenitoza shilingi 1,100 kwa nakala, pini nimepiga mwenyewe sebuleni mpaka saa nane usiku. Nakala 100 ni shilingi 110,000. Meza 40,000. Jumla 150,000. Bei niliyoweka ni 3,000.

Nimeuza 38. Tisa nimebadilishana na wachoraji wenzangu, maana ndio utaratibu wa pale: nipe chako, chukua changu. Moja nimeitoa bure. Zilizobaki 52 ziko chini ya kitanda.

Sasa niwaeleze kwa nini sisikitiki.

Ukiandika gazetini humwoni msomaji. Habari inatoka, kesho yake inafungia maandazi, na wewe hujui kama kuna aliyefika aya ya tatu. Pale mezani msomaji yuko hatua moja mbele yako. Unamwona anafungua, unajua yuko ukurasa wa sita, pale konda anaporukia mlangoni. Ama amecheka ama hakucheka. Hakuna mhariri wa kumsingizia! Wapo wanaosoma chote wamesimama, wanakirudisha, wanasema "hongera kaka" na kwenda zao. Wapo wa "punguza basi". Mpaka saa sita mchana nilikuwa nimeshajua kwamba mtu akisoma unanyamaza, maana ukianza kumsimulia anafunga na kuondoka.

Akaja mzee mmoja. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akauliza: "Kijana, Lodi Lofa bado yupo?"

Mnaomjua Lodi Lofa mmeshacheka. Mzee alikuwa akinunua gazeti la Sani stendi, analisoma ndani ya basi, anagombana na wanawe nani aanze kumsoma Madenge. Kuna watu wanadhani haya mambo ya kujichapishia katuni tumeyaiga kwa Wazungu. Ni kweli wenzetu wana maonyesho makubwa. Yale ya Small Press Expo kule Maryland, Marekani, yalianza mwaka 1994, na tuzo yao ya Ignatz ni tofali! Jina ni la panya wa katuni za zamani aliyependa kumrushia paka matofali. Lakini Sani lilianza miaka ya 1970, na jina lake lilitokana na waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Kina Philip Ndunguru walichora, wauza magazeti wakatembeza. Meza yao ilikuwa stendi. Mzee alichukua nakala mbili, moja ya mjukuu.

Lakini aliyenifanya niandike haya ni binti wa kidato cha tatu aliyekuja saa kumi jioni. Alisoma taratibu mpaka mwisho, akarudi ukurasa wa nane, akanitazama.

"Kaka, mbona yule mama hayupo?"

"Mama yupi?"

"Yule wa ndani ya gari. Kila siku kuna mama anamfokea konda, 'Mwache mtoto apande, wewe huna mtoto?' Bila yeye hatufiki shule."

Alikuwa na shilingi elfu mbili. Nikamwambia kwa habari hiyo tumemalizana, chukua na hela yako.

Nimeripoti nauli za daladala mara nyingi. Nimenukuu wamiliki, madereva, maofisa, hata wanafunzi wenyewe. Yule mama hajawahi kutokea kwenye habari yangu hata moja, kwa sababu hana cheo na hayupo kwenye kikao. Kumbe ndiye anayeufanya utaratibu wote ufanye kazi.

Toleo la pili linaanza naye. Zile nakala 52 nazipeleka kwa muuza magazeti mmoja Gongo la Mboto, mali kauli, kila nakala yeye elfu moja mimi elfu mbili. Zikitoka 18 hasara imekwisha.

Na wewe mwenye michoro imejaa kwenye daftari: meza ni elfu arobaini. Tafuta mwenzako mgawane.