Mwanamume na Leso: Tusiharakishe Kucheka

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu yangu Muislamu, na wewe dada yangu ambaye pengine waisoma karatasi hii nawe umejifunga leso yako, leo nataka kukuhadithia dhambi yangu. Najua haifai mtu kufunua aibu ambayo Mwenyezi Mungu amemsitiria, lakini hii yangu haikusitirika. Niliifanya barazani, mbele za watu, na walioisikia walikuwa wengi. Na kosa lililotendwa hadharani, toba yake haina budi isikike hadharani.

Mwaka 1974, mtaani kwetu Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa, alikuwapo jirani yetu mmoja, fundi seremala. Jina lake silitaji, kwa kuwa nimekwisha kumharibia la kutosha. Mwaka huo mkewe alifariki katika uzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, akamwachia mume wake kitoto kichanga cha kike na kaka yake wa miaka minne. Ndugu wa kike wa bwana huyu alikuwa ameolewa Lamu, naye ana wanawe wa kutazama. Mama wa marehemu alikuwa hajiwezi, yu kitandani. Majirani wanawake walimsaidia mchana kwa zamu, Mwenyezi Mungu awalipe, lakini usiku na alfajiri alikuwa peke yake na wanawe.

Sisi vijana tulikuwa na desturi, tukisha sali sala ya asubuhi, kukaa barazani kunywa kahawa na kungoja jua litoke. Asubuhi moja jirani yetu akapita kwenda kununua maziwa. Mgongoni amembeba yule mtoto kwa mbeleko, na mbeleko yenyewe ni leso ya marehemu mkewe, nyekundu yenye michoro ya korosho. Kipande cha pili cha doti ile amejifunga kiunoni juu ya kikoi, maana kitoto hukojoa. Akatutolea salamu kama ada yake. Na mimi, badala ya kumjibu, nikasema kwa sauti: "Haya, Bi Mbeleko huyo apita!"

Ndugu msomaji, kuijibu salamu ni wajibu. Sisi siku ile tuliijibu kwa kicheko.

Kufika adhuhuri, watoto wa mtaani walikuwa wakimfuata na jina hilo. Baada ya juma moja hata wauza samaki walilijua. Bwana yule akaanza kupita vichochoro vya nyuma. Kisha hatukumwona tena barazani. Kisha hatukumwona tena msikitini, naye alikuwa mtu wa safu ya kwanza.

Sheikh wetu, aliyekuwa akisomesha darsa baina ya Magharibi na Isha, aliuliza habari zake. Mmoja wetu akasema, "Bi Mbeleko yuko jikoni," na wengine wakaziba vinywa wasicheke. Sheikh hakukasirika. Alinyamaza kidogo, kisha akafunga kitabu alichokuwa akisomesha, akatuhadithia habari ambayo mimi sikuwa nimepata kuisikia.

Alisema kwamba mwaka wa 10 wa Hijra, siku aliyofariki Ibrahim, mwana mdogo wa Bwana Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa pale Madina. Mtume (s.a.w.) akatoka kwa haraka na hofu ya Mola wake kwenda kusali. Na Imam Muslim amepokea kutoka kwa Asma binti Abubakar kwamba katika haraka hiyo Mtume (s.a.w.) alichukua nguo ya kike kwa kukosea, mpaka akafuatwa nyuma na shuka yake. Imam Nawawi ameeleza kuwa nguo ile ilikuwa ya mmoja katika watu wa nyumbani mwake. Sheikh akatutazama mmoja mmoja, akauliza: "Je, mngalikuwa barazani Madina siku ile, mkamwona baba aliyefiwa amechukua nguo isiyo yake, mngalisema nini?"

Hakuna aliyejibu. Mimi nilikuwa safu ya kwanza, nikautazama mkeka.

Kijana mmoja akauliza kwa adabu: "Sheikh, na ile hadithi ya laana?" Swali hili nawe huenda ukawa nalo moyoni, na ni swali la haki. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (s.a.w.) amewalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake, na wanawake wanaojifananisha na wanaume. Hadithi hiyo ni sahihi, nami siipindi wala siipunguzi. Mwanamume anayejipamba makusudi kwa nguo na mapambo ya kike, ili awe mfano wao, amekatazwa. Lakini angalia neno lenyewe: kujifananisha. Kujifananisha ni jambo la kukusudia. Aliyejifunga leso asiloweshwe na mkojo wa mwanawe hakukusudia kumfanana yeyote. Amekusudia kumlea mtoto.

Tena wanavyuoni wametufunza kuwa nguo ni mambo ya ada. Ibn Hajar, aliyefariki mwaka 852 wa Hijra, katika sherehe yake ya Bukhari amesema kuwa namna ya mavazi hubadilika kwa desturi ya kila nchi, na kwamba huenda wakawako watu ambao mavazi ya wake zao hayatengani na ya waume ila kwa stara. Na sisi watu wa pwani tulikuwa wa kwanza kupaswa kulijua hili. Mwaka 1968 nilikwenda Nairobi kumtembelea mjomba wangu, nikatoka asubuhi na kikoi changu kwenda dukani. Vijana wakanicheka njia nzima, wakisema nimevaa sketi ya mama. Nilirudi nyumbani na machozi ya hasira. Kikoi! Vazi alilovaa baba yangu na babu yangu, na Wayemeni wana futa yao, na Waislamu wa Indonesia husalia saruni msikitini, na hata Waskochi wa Uingereza wana vazi lao la kiume lisilo na miguu miwili. Wallahi, nilijua uchungu wa kuchekwa kwa nguo. Na baada ya miaka sita tu nikamfanyia mwenzangu yale yale. Mwanadamu husahau upesi kidonda kilichopona.

Liko na jambo jingine ambalo watu hulichanganya. Wako wanaume walioumbwa na sauti nyembamba, au mwendo wa taratibu, au mikono laini, nao hawakujitakia. Imam Nawawi amesema waziwazi kwamba mtu aliyeumbwa hivyo bila ya kujilazimisha hana lawama wala dhambi, kwani ana udhuru. Ibn Hajar amesema mtu kama huyo hutakiwa ajitahidi kidogo kidogo kuyaacha, wala hakusema azomewe. Basi ni nani aliyetupa sisi ruhusa ya kuzomea? Wangapi katika mitaa yetu wamekimbizwa msikitini kwa majina tuliyowapachika, kisha sisi wenyewe tukasimama kusema, "Mwaona, hata kusali hasali"?

Na nyumbani je? Baadhi yetu twadhani uanamume ni kukaa na kuletewa. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, akajibu kuwa alikuwa katika kazi za watu wake, na ukifika wakati wa sala hutoka kwenda kusali. Yeye ndiye aliyesali naye amembeba Umama, mtoto wa binti yake Zainab. Akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Na Bibi Aisha amesema pia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akisali usiku naye yuko ubavuni pake, na shuka yake Bibi Aisha, sehemu iko juu yake na sehemu iko juu ya Mtume. Nguo ya mke ilimgusa bora wa viumbe katika sala, wala heshima yake haikupungua hata chembe.

Usiku ule baada ya Isha nilikwenda nyumbani kwa jirani yangu. Nilimkuta achemsha maziwa, na mtoto amelala kitandani juu ya ile leso nyekundu. Nilimwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa kiti, kisha akasema maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka nywele hunisimama.

"Nilimfunika kanzu yangu," alisema, "hakulala. Nikamfunika kikoi, hakulala. Nilipomfunga kwa leso ya mamake, akalala. Ilikuwa bado haijafuliwa. Kama gunia lingemlaza, ningalijifunga gunia."

Nikamwuliza kama amenisamehe. Akasema: "Mimi nimekusamehe, ndugu yangu. Lakini mwanangu mwanamume ameniuliza jana, Bi Mbeleko ni nani. Lile jina sasa haliko kwangu wala kwako. Liko vinywani mwa watu. Utakwenda kulitoa vipi?"

Sikuwa na jibu. Nilizunguka mtaani nikawasihi wenzangu, wengi wakaacha, na jirani yangu akarudi safu yake. Nikadhani mambo yamekwisha. Lakini jina baya ni kama mafuta ya taa: ukimwaga huyazoi, na harufu yake hukaa.

Mwaka 1996 yule mtoto wa mgongoni alikuwa mwari wa kuolewa. Ikaja posa kutoka kwa watu wa heshima. Wazee tukakaa, nami nikiwa upande wa baba yake. Ghafla ami yake kijana akauliza, "Samahani, huyu si yule binti wa Bi Mbeleko? Twasikia baba yake alikuwa mtu wa kuvaa nguo za kike. Twataka kujua nasaba tunayoiingia." Miaka ishirini na miwili, ndugu msomaji! Neno la kunichekesha mimi asubuhi moja lilikuja kukaa katikati ya binti wa watu na ndoa yake.

Nilimtazama baba yake. Alikuwa ameinamisha kichwa, na ndevu zake zimekwisha kuwa nyeupe. Ilinibidi nisimame mimi. Nikawaambia wazee wa pande zote mbili: "Jina hilo lilitoka katika kinywa hiki. Na sababu yake ni hii." Nikawahadithia yote, kifo, maziwa, leso na kicheko, bila ya kujipunguzia. Nilipomaliza, yule ami alikaa kimya muda, kisha akainuka akaenda akampa mkono baba wa binti, akamwomba radhi naye. Fatiha ikasomwa. Na mimi niliona haya kuliko siku yoyote katika maisha yangu.

Jirani yangu alifariki mwaka 2009. Mimi ni mmoja katika waliolibeba jeneza lake. Binti yake aliniambia baadaye kuwa ile leso angali nayo, imechakaa, na kwamba wanawe wote watatu aliwabeba kwayo.

Basi nakuusia, na kujiusia nafsi yangu kabla yako. Ukimwona mwanamume amevaa usichokizoea, uliza kwanza moyoni mwako: huenda ana dharura. Zubeir na Abdurrahman bin Auf waliruhusiwa na Mtume (s.a.w.) kuvaa hariri, ambayo ni haramu kwa wanaume, kwa sababu ya upele tu uliokuwa ukiwawasha. Ikiwa upele umezingatiwa, je, yatima asizingatiwe?

Tena uliza kama ni ada ya kwao, kama kikoi kilivyo ada yetu. Na ukihakikisha kuwa ni kosa kweli, na mtu afanya makusudi, basi dini imekupa nasaha, nayo mahali pake ni faraghani, baina yako na yeye, kwa maneno ya upole. Haikukupa baraza la kumchekea. Mwenyezi Mungu katika Surat Al-Hujurat, aya ya 11, ametukataza kudharauliana na kuitana majina ya kejeli, na ametutahadharisha kwamba huenda anayedharauliwa akawa bora kuliko anayedharau. Twaikariri sana hadithi ya nguo, na aya hii twaipita mbio, na hali zote mbili ni dini moja.

Na nyinyi mama zetu, msiwaambie wana wenu wa kiume wanapomshika mtoto au kufua nguo kwamba wamekuwa wanawake. Hamjui ni yupi kati yao atakayeachiwa kitoto kichanga alfajiri moja. Wazee walisema hujafa hujaumbika.

Mwenyezi Mungu amrehemu jirani yangu na mkewe, awakutanishe Peponi, atusamehe tuliyoyasema kwa ndimi zetu, na atupe aibu ya kutuzuia kabla hatujasema mengine. Amin.

Wabillahi tawfiq.