Ngome ya Bagamoyo, mimi na mtani wangu

Kimya kingi, si mnajua tena, UE zilikuwa zinatunyoosha. Leo sina habari za chuo, nataka niwasimulie Jumamosi iliyopita nilivyoenda Bagamoyo na rumeti wangu kuangalia ngome. Ila kabla ya ngome inabidi niseme kwa nini tulikwenda, na hapo ndipo penye aibu yangu.

Rumeti ni Mnyamwezi wa Tabora. Mimi Mzaramo, kwetu Mbagala. Kwa hiyo tangu siku tulipopangiwa chumba kimoja hapa Chang'ombe sisi ni watani. Akipika nakula bila kuuliza, mafuta yake ni yangu, na yeye ananiita mvivu wa pwani niliyezoea kuangukiwa na nazi. Basi bwana, wiki tatu zilizopita tuko chumbani watu kama sita tunapitia desa la misafara ya karne ya 19, pembe za ndovu na watumwa. Mimi nikaropoka: "Ushahidi si tunao hapa hapa? Babu zake huyu waliletwa kwetu na minyororo shingoni." Watu walicheka mpaka chumba cha pili wakagonga ukuta. Yeye hakucheka. Akafunga daftari, akapanda kitandani. Siku nne nzima akawa ananijibu "ndiyo" na "hapana".

Nilipomsimulia mama kwenye simu akasema mtani hanuniwi. Ni kweli, kimila mtani anaweza kuingia ndani ya kaburi siku ya mazishi akagoma kutoka mpaka apewe hela, na wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka. Wazee wanasema utani wetu na Wanyamwezi ulikuja na misafara hiyo hiyo, wao wakishuka kutoka bara, sisi tukiwapokea huku. Sasa kama utani wenyewe umetoka njiani humo, mimi nimekosea wapi? Nilijiuliza hivyo kama wakili wa mtuhumiwa. Jibu nililijua, nilikuwa silitaki tu.

Bumu lilipoingia nikamwambia, "Mwanangu, twende Bagamoyo, nauli juu yangu." Akaniangalia weee, halafu akasema poa.

Tukaunganisha magari mpaka stendi ya Makumbusho, tukapanda daladala ya Bagamoyo. Ni kama kilomita 70. Nilisimama mpaka Bunju, mguu mmoja wangu, mwingine sijui wa nani. Ukivuka mto Mpiji Dar imekwisha, unakuja Mapinga, Kerege, Zinga, minazi inaanza kuongezeka na upepo unabadilika. Rumeti alikaa dirishani hakusema kitu.

Ngome Kongwe yenyewe, wadau, msitegemee kasri la kwenye muvi lenye daraja la minyororo na mtaro wa mamba. Ni jumba jeupe la ghorofa moja, limejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, lina ua katikati na juu ukuta wenye meno meno. Lilijengwa mwaka 1860 kama nyumba ya Mwarabu mmoja tajiri, baadaye likawa mikononi mwa Sultan Barghash wa Zanzibar, kisha Wajerumani wakalifanya la kijeshi. Baada ya hapo likawa gereza, likawa polisi. Yaani kila mwenye nguvu aliyepita Bagamoyo alilipenda. Na hapa nitoe kadesa kidogo: hili neno "gereza" asili yake ni Kireno, igreja, maana yake kanisa. Ndiyo maana kule Kilwa Kisiwani ngome inaitwa Gereza, Wareno walijenga ya kwanza mwaka 1505. Kanisa likawa ngome, ngome ikawa jela, na sisi tukabaki na neno la mwisho.

Mzee aliyetutembeza (shikamoo yake tuliitoa kwa pamoja, ndiyo neno la kwanza tulilosema pamoja siku hiyo) alitupeleka kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha. Akasema humu watu walifungiwa wakisubiri jahazi la usiku. Nikakumbuka desa: Juni 1873 Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Lakini nani anakumbuka tarehe akiwa amesimama kwenye giza lile? Kuna joto, kuna harufu ya popo, unasikia pumzi ya mwenzako. Rumeti alishika ukuta kwa kiganja, akabaki hivyo. Mimi nilitamani ile sentensi yangu ya chumbani ningeweza kuimeza.

Tukapanda juu. Bahari iko pale pale mbele, majahazi yamelala kwenye tope maji yakiwa yametoka. Ndipo akaongea.

"Unajua nilichokasirikia?" akasema. "Siyo minyororo. Kwetu babu anasimulia kuna mzee wetu alikuja huku kwa miguu yake, mpagazi. Zamani kijana akienda pwani akarudi na nguo ndiyo anaonekana mwanaume, anaoa. Babu akisimulia anasimama kabisa. Wewe ukamfunga mnyororo kwa sekunde mbili, watu wakacheka."

Sikuwa na la kujibu. Nikasema tu, "Nisamehe, mwanangu." Akasema, "Subiri, sijamaliza. Bibi naye anasema ndugu wa huyo mzee alikuja pwani hakurudi. Kwa hiyo hata mimi sijui."

Nadhani hiyo ndiyo tabu ya Bagamoyo. Wapo wanaosema jina ni la mtumwa aliyebwaga moyo hapa kwa kukata tamaa, na wapo wanaosema ni la mpagazi aliyefika, akabwaga mzigo na moyo ukatulia. Mimi zamani nilikuwa nachagua moja kama swali la kuchagua la mtihani. Kumbe ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa wamefika ufukwe huo huo, kila mmoja na jina lake.

Kutoka hapo tukaenda Karavanserai, yale majengo ya misafara, ambako wapagazi walikuwa wanapumzika na kufungasha. Nilimuona rumeti amechangamka. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30, na kutoka Tabora ni miezi, siyo siku. Waliolipwa walilipwa nguo na shanga, na Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote kwa kazi hiyo. Stanley alipoondoka hapa Machi 1871 kumtafuta Livingstone, unadhani mizigo aliibeba nani? Kwenye vitabu jina lake kubwaaa, waliobeba wanaitwa "msafara".

Boma la Wajerumani la 1897 tulilipita kwa nje tu, njaa ilikuwa imeshatushika. Tukala pweza ufukweni, na nikaongeza miwa kwa hela ambayo nitaijutia mwisho wa mwezi.

Kurudi stendi jua kali, njia ya mchanga, begi letu moja lina maji, viatu na madafu mawili aliyonunua kumpelekea shangazi yake Temeke. Alikuwa amelibeba yeye tangu asubuhi. Katikati ya njia akasimama, akalivua, akanitundika mgongoni, akakaza mikanda vizuri kabisa.

"Haya Mzaramo," akasema, "leo mpagazi wewe. Nguo utalipwa tukifika Chang'ombe."

Na akatangulia, mikono mfukoni, anapiga mluzi.