Macho ya Kamoya

Kijana aliyemaliza kidato cha nne huku kwetu huulizwa swali moja tu: "Unafanya kozi gani?" Akijibu kwamba anaandika riwaya, watu hucheka kwanza, halafu wanamhurumia. Mimi nimechekwa na nimehurumiwa, basi nimeshazoea. Mjomba, ambaye ndiye aliyenilipia karo, hasemi mengi. Ananiambia tu, "Mwanangu, bila cheti utakula karatasi?"

Swali hilo limeniuma, nami nikaanza kutafuta jibu lake Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Nyumba yenyewe ina historia ndefu. Mwaka 1910, wazungu wapenda viumbe walianzisha makumbusho madogo ya kuwekea vitu walivyokusanya. Mwaka 1930 likafunguliwa jengo la pale kilimani, likapewa jina la gavana Coryndon. Uhuru ulipokuja, jina la gavana likaondoka, taifa likachukua nyumba yake. Kuna ndege waliokaushwa, mamia kwa mamia. Kuna picha za watu wa makabila yetu alizochora Joy Adamson. Na nje amesimama sanamu wa Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyewekewa ulinzi na Rais Kenyatta mwaka 1970, akafa mwaka 1974.

Lakini vitu havijileti vyenyewe, jamani. Kuna mtu wa kuvitafuta, wa kuvisafisha, wa kuviandikia namba, wa kuvichora, wa kuwaeleza watoto wa shule. Kazi hizo nyingi siku hizi zinataka digrii. Na hapo ndipo nilipokutana na habari za Kamoya Kimeu.

Kamoya alizaliwa Ukambani mwaka 1938. Masomo yake ya darasani yaliishia shule ya msingi. Alianza kazi na akina Leakey kama kibarua wa kuchimba, huko Olduvai, Tanganyika ya wakati ule. Kibarua, sikiliza! Lakini alijifunza. Alijifunza mfupa wa swala unatofautiana vipi na wa nyani, jino na jiwe vinatengana wapi. Mwaka 1964 akaliona taya la binadamu wa kale huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Mwaka 1977 Makumbusho ya Taifa yakamkabidhi usimamizi wa maeneo ya kale ya nchi nzima.

Halafu ukaja mwaka 1984, magharibi mwa Ziwa Turkana. Siku ya mapumziko, wenzake wakiwa kambini, yeye akaenda kutembea kando ya mto mkavu wa Nariokotome. Katikati ya kokoto akaona kipande kidogo cha fuvu, rangi yake sawa na ya zile kokoto. Wewe na mimi tungekikanyaga. Kipande hicho ndicho kilichowaongoza kwenye mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, karibu mwili mzima. Wataalamu wanamwita KNM-WT 15000. Mwaka 1985 Kamoya alivishwa nishani na Rais Reagan kule Marekani, na mwaka 2021 chuo kikuu kimoja cha huko kikampa udaktari wa heshima. Alifariki mwaka 2022.

Ile namba, hata hivyo, haina jina lake. Inataja makumbusho, inataja Turkana Magharibi, basi. Nikaona hapo ndipo mwandishi anapoingia. Makumbusho huhifadhi mfupa. Jua lililomchoma aliyeuinamia, kiu yake, barua alizosubiri kutoka nyumbani, vyote hivyo havina kabati. Vikikosa mtu wa kuvisimulia vinapotea, na havichimbuliki tena.

Sisemi cheti ni bure. Kamoya aliishi wakati wake, na leo mlango ule ni mwembamba zaidi. Mjomba ana haki ya kuogopa, na mimi pia usiku huogopa. Ila nimeelewa kwamba cheti hakimpi mtu macho. Macho hupatikana kwa kutembea pale pale kila siku, ukiinama.

Wenzangu wa kalamu, tusingoje mambo makubwa. Stendi ya matatu ina kokoto zake, hata foleni ya maji ya mtaani. Mimi nimejaza daftari la tatu sasa. Mengi humo ni mawe matupu, lakini kuna ukurasa mmoja, naapa, unafanana na mfupa.